Uso Kwanza, Pembe Baadaye

Jumamosi, 23 Novemba 2024

Msimu wa bunduki umefunguliwa leo alfajiri Wisconsin nzima, na utakwenda siku tisa. Kufika saa nane mchana uwanja wa karakana yetu ya kutengeneza vichwa vya wanyama vya kutundika ukutani ulikuwa umejaa pikapu, kila moja imelaza kulungu dume nyuma. Wawindaji wamevaa rangi ya chungwa inayowaka, mashavu mekundu kwa baridi, na kila anayeshuka anaanza na habari ya pembe: zina ncha ngapi, zimepanuka kiasi gani. Nawasikiliza, nawapongeza, halafu naenda kutazama ngozi.

Ubora wa kichwa cha ukutani huanza kuamuliwa kabla hakijafika kwa fundi. Kitu cha kwanza ninachofanya ni kushika manyoya kwa vidole viwili pembeni mwa jicho, chini ya sikio na kwenye midomo, nikivuta taratibu. Yakishika, vizuri. Yakija na ule utando mwembamba wa juu wa ngozi, bakteria wameshatangulia, na hakuna dawa ya kurudisha manyoya mahali pake. Leo baridi imetusaidia. Kule kwetu Afrika Mashariki, kwenye kambi za uwindaji nilikojifunzia kuchuna, jua halikupi nafasi hiyo: ngozi inavuliwa, inaparuliwa nyama na mafuta, inapakwa chumvi hadi kwenye mikunjo ya midomo na masikio, yote hayo kabla ya chai ya jioni.

Jambo la pili ni mkato. Anayetaka kichwa hadi mabega hapasui koo. Kulungu mmoja leo amepasuliwa kutoka kidari hadi kidevu. Mshono wake utapita mbele, mahali ambapo kila mgeni wa sebuleni atatazama. La tatu ni vipimo: kutoka kona ya mbele ya jicho hadi ncha ya pua, na mzunguko wa shingo nyuma ya taya. Madume wa Novemba wamo kwenye msimu wa kupandana, shingo zimevimba. Ngozi ya dume kama hao ikivishwa juu ya umbo la povu gumu, yaani mwili wa bandia, lenye shingo ya Septemba, itabaki na mikunjo isiyo na sababu, na mwenye macho atajua kwamba vipimo havikufuatwa.

Glavu hatuvui. Ugonjwa unaodhoofisha kulungu mpaka wanakonda na kufa ulithibitishwa jimboni humu mwaka 2002, na vijidudu vyake, ambavyo ni protini iliyojikunja vibaya, hukaa zaidi kwenye ubongo, uti wa mgongo na tezi. Tunapokata fuvu kutoa pembe, ubongo unaingia kwenye mfuko wake, na wanaotaka kupimiwa mnyama wao tunawatolea sampuli.

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Msimu uliisha jana. Leo jioni nimesimama dirishani na darubini, shamba la mahindi yaliyovunwa liko mbele yangu, na majike watatu wakatoka msituni kuokota masalia. Hili ndilo somo ninalolithamini kuliko yote. Bosi wangu ana makabati ya picha za kulungu hai na vinyago vya plasta vilivyochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye nyuso za wanyama waliokufa karibuni. Ananikumbusha kila wiki: usijifunze kulungu kutoka kwa kichwa cha fundi mwenzako, jifunze kutoka kwa kulungu.

Nimeandika niliyoyaona. Mboni ya jicho la kulungu imelala, ndefu kwa upana, kama ya mbuzi. Akiinamisha kichwa kula, mboni haiinami naye; inabaki karibu sambamba na ardhi. Kwa hiyo kichwa cha ukutani kilichoinamishwa, kikiwa na mboni zilizoinama pamoja na pua, kina jicho la mnyama ambaye hajawahi kuwepo. Kona ya mbele ya jicho iko chini kuliko ya nyuma, na kutoka hapo kuna kishimo chembamba cheusi cha tezi. Kope ya juu haina mviringo kamili: kilele chake kiko mbele kidogo ya katikati, kisha inateremka taratibu kuelekea nyuma. Nywele za kope zinatoka nje na kushuka kidogo, zinalifanyia jicho kivuli.

Masikio ndiyo yamenishikilia mpaka giza likaingia. Jike mkubwa alisikia kitu nyuma yake. Sikio moja likageuka nyuma, jingine likabaki mbele. Sikio lilipogeuka, shina lake lote lilizunguka, misuli ikatuna upande mmoja, na ngozi ya paji la uso ikavutika kidogo kulifuata. Vichwa vingi vya ukutani nilivyoviona vina masikio yaliyochomekwa kama miiko kwenye chungu: jani la sikio limegeuzwa, shina halina habari.

Jumapili, 15 Desemba 2024

Nimekwenda Chicago, Field Museum, kuwaona kulungu wa fundi Carl Akeley. Kazi inaitwa Misimu Minne ya Kulungu wa Virginia, ambaye ndiye huyu huyu wetu wa mkia mweupe. Vyumba vinne vya vioo, familia za kulungu katika masika, kiangazi, majani yanapopukutika, na theluji. Akeley aliifanya pamoja na mkewe Delia, na maelfu ya majani ya nta unayoyaona kwenye matawi yanatokana na kazi hiyo ya mikono.

Nilikaa muda mrefu nikihama kutoka kioo hadi kioo. Kulungu wa kiangazi ana manyoya mafupi mekundu, shingo nyembamba, na pembe za dume zimefunikwa ngozi laini yenye mishipa ya damu. Wa baridi ana manyoya ya kijivu, marefu na manene. Mnyama ni yule yule, mwili si ule ule. Hapa ndipo hukumu yangu ya kichwa cha ukutani inaposimama: kisinionyeshe kulungu kwa ujumla, kinionyeshe kulungu wa mwezi fulani. Manyoya, shingo, pembe na macho vikisema mwezi mmoja, kazi imefaulu. Kimoja kikisema Septemba na kingine Novemba, fundi amekusanya vipande.

Kabla ya watu kama Akeley, mafundi wengi walikuwa wakishindilia ngozi majani makavu na vumbi la mbao mpaka ijae. Ngozi ndiyo ilikuwa mfuko, na mnyama alitoka na umbo la mfuko. Yeye alipima mzoga, akafinyanga mwili wote kwa udongo juu ya mifupa, misuli na mishipa ikionekana, akachukua kalibu, akatoa umbo jepesi lenye uwazi ndani, ndipo ngozi ikavishwa juu ya mwili uliokwisha kuwa sahihi. Alianza kujulikana hapa hapa jimboni kwetu: alifanya kazi kwenye makumbusho ya Milwaukee tangu mwaka 1886, na mandhari yake ya panya-maji ya mwaka 1890 bado ipo pale.

Mimi nina sababu nyingine ya kumfuata. Tembo wawili wanaopigana kwenye ukumbi mkubwa wa Field Museum ni kazi yake, na alikusanya wanyama Afrika Mashariki. Mwaka 1910 tembo alimponda kwenye miteremko ya Mlima Kenya, akapona. Kwenye safari zake alifuatana na kijana Mkikuyu ambaye wazungu walimwita Bill, na Akeley mwenyewe aliandika habari zake kwa heshima. Akeley alifariki mwaka 1926 kwenye Mlima Mikeno, Kongo, akazikwa huko. Sanaa hii imepita mikononi mwa wachuna ngozi na wabeba bunduki wetu tangu mwanzo, ingawa majina yao hayakuandikwa kwenye vibao. Nikisimama mbele ya kioo kile sijioni mgeni.

Alhamisi, 9 Januari 2025

Mpwa wangu amenipigia kutoka Arusha. Ameajiriwa kwenye karakana ya nyara, na wamemaliza kichwa cha swala pala kwa ajili ya mteja.

"Shikamoo mjomba. Nimekutumia picha. Nataka uniambie ukweli, usinionee huruma."

"Marahaba. Ulipiga kwa mwanga wa dirisha au wa taa?"

"Wa dirisha, mjomba."

"Vizuri. Nipe dakika tano."

Nilizikuza picha. Mshono wa mgongoni hauonekani, manyoya yamechanwa kwa mwelekeo wake, pua ina unyevu bila kung'aa kupita kiasi. Kazi ya kijana mwenye mkono mtulivu. Lakini mbele ya kila jicho palikuwa na kishimo, kimepakwa rangi nyeusi kwa uangalifu mkubwa.

Nikampigia. "Hicho kishimo umekitoa wapi?"

"Umbo la povu lilikuja nacho, mjomba. Na vile vichwa vya zamani ukutani vyote vinacho."

"Swala pala hana tezi hiyo. Kulungu wa huku anayo. Digidigi anayo kubwa, unaiona kwa mbali kama doa la wino. Swala pala hana."

Kimya kidogo, kisha akasema atailainisha ngozi ya hapo kwa maji, azibe kwa udongo mwembamba chini yake, apake rangi upya. Nikamwambia Jumapili aombe lifti aende kuwaona swala pala walio hai, abebe daftari, asibebe picha za karakana.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu nikate simu. Mtu wa kwanza alichonga umbo la swala akiwa na kulungu kichwani. Wa pili akanunua umbo. Wa tatu akatazama kazi ya wa pili ukutani akaona ndivyo ilivyo. Anayeiga kazi ya mwenzake hurithi na makosa yake, na kosa likirithiwa mara tatu linaitwa kawaida. Ndiyo maana anayehukumu kichwa kwa kukilinganisha na vichwa vingine anaweza kukisifu kwa kasoro ile ile inayopaswa kukiangusha.

Jumamosi, 8 Februari 2025

Mama mmoja mtu mzima ameleta kichwa cha marehemu mumewe. Kimekaa juu ya meko ya sebule miaka mingi. Aliuliza kama bado kina thamani.

Kwanza nilivaa glavu na barakoa. Vichwa vingi vya zamani vilihifadhiwa kwa aseniki, na vumbi lake halichezewi. Kisha nikaanza kukisoma mbele yake, nikimweleza kila hatua. Nilipogonga sikio kwa kidole lilitoa sauti ya ngoma: ngozi imeachana na plastiki ya ndani, imevutwa kwa miaka ya joto la meko. Ncha ya sikio imepasuka. Kwenye pua kuna ufa unaotoka tundu hadi mdomoni. Kope zimejirudi nyuma, udongo unaonekana, na hapo ndipo kulungu alipopata ile sura ya mshtuko. Nondo wamekula kiganja cha manyoya chini ya taya. Hata hivyo mstari wa mdomo umekaa sawasawa, na shingo ni shingo ya Novemba kweli. Fundi wa wakati ule aliijua kazi.

Pembe ziko salama. Nikamweleza kwamba inawezekana kuziweka kwenye umbo jipya lililovishwa ngozi ya kulungu mwingine, na kichwa kitaonekana kizuri kuliko hiki. Wengi huchagua hivyo, na hawakosei. Yeye aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo huyo hatakuwa yule wa mume wangu?" Nikamjibu pembe zitakuwa zake, uso utakuwa wa mwingine. Akachagua tuzibe nyufa, tupake rangi, tuache masikio yalivyo. Nimempa bei ndogo na nimemwandikia akiweke mbali na meko.

Kwa watu wa huku, pembe ni hesabu. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, ilitoa mwaka 1950 utaratibu wa kupima kwa inchi unaotumika hadi leo: urefu, unene, upana, na ulinganifu wa kulia na kushoto, baada ya pembe kukauka siku 60. Lakini kila ninapoambiwa kwamba pembe ndizo kila kitu, namkumbuka James Jordan. Alimpiga kulungu wake karibu na Danbury, kaskazini mwa jimbo hili, mwaka 1914, akamwachia fundi amtengenezee kichwa. Fundi akahama nacho. Mwaka 1958 pembe zikanunuliwa dola tatu kwenye mauzo ya vitu vikuukuu Minnesota, baadaye zikapimwa, zikaonekana kushinda za kulungu wote wa mkia mweupe wenye pembe za umbo la kawaida waliokuwa wameandikishwa. Jordan aliziona tena mwaka 1964 akazitambua papo hapo, ila jina lake liliingizwa kwenye rekodi mwishoni mwa 1978, muda mfupi baada ya kufariki kwake. Pembe zilibaki kuwa zile zile miaka yote hiyo. Kilichopungua ni uaminifu wa fundi kwa mnyama na kwa mwenye mnyama. Nami huo uaminifu nauhesabu kuwa sehemu ya ubora wa kichwa.

Ijumaa, 14 Machi 2025

Mashindano ya mafundi wa jimbo. Nimepewa ruhusa ya kusimama karibu na jaji mmoja wa kulungu, kutazama bila kuuliza mpaka amalize.

Ukumbi una taa kali na vichwa vimesimama mstari mzima. Jaji ana tochi, kioo kidogo cha daktari wa meno, na karatasi ya alama 100. Kwa utaratibu uliozoeleka, 90 na kuendelea ni utepe wa kwanza, 80 wa pili, 70 wa tatu. Pembe hazina alama ya ukubwa wake. Zinatazamwa tu kama zimekaa kwenye fuvu kwa mkao sahihi na kama nywele zinazozunguka shina lake zimekaa kiasili.

Alianza kwa kurudi nyuma hatua kadhaa, akatazama kichwa kizima bila kugusa. Kisha akasogea mbele ya pua, akalinganisha macho: urefu, kina, mwelekeo. Akaingiza tochi kwenye tundu la pua. Hapo nilijifunza kitu: fundi mzuri amesukuma ngozi ndani kabisa, ukuta wa kati upo, na weusi wa nje unageuka waridi taratibu kadiri mwanga unavyoingia. Fundi wa haraka amepaka rangi nyeusi shimo zima. Akapitisha kioo chini ya kidevu kutafuta mshono na gundi iliyotoka. Akapuliza manyoya ya kidari kuona kama yamekunjamana au yameshikwa na uzi. Akagusa sikio kwenye ncha: unene. Sikio la kulungu ni jembamba kiasi kwamba mwanga wa tochi hupita. La fundi asiyeondoa gegedu vizuri ni nene kama ubao.

Kichwa kilichovuta watu wengi zaidi hakikupata utepe wa kwanza. Pembe zake zilikuwa pana mno, manyoya yanang'aa, hakuna mshono. Masikio yote mawili yalikuwa mbele, yamesimama, ya mnyama aliyesikia tawi likivunjika. Macho yalikuwa ya mnyama anayecheua: kope ya juu imeshuka, mboni imetulia. Tundu za pua zimefungwa. Jaji alimwambia fundi kwa upole kwamba kila kiungo kimefanywa vizuri, lakini viungo vitatu vinasema mambo matatu. Akafungua picha za kulungu hai ambazo fundi mwenyewe alizileta kama rejea, akamwonyesha: sikio likisimama hivi, jicho hufunguka hivi, pua hupanuka hivi. Fundi akakubali. Nilimheshimu kwa hilo.

Jumatano, 26 Machi 2025

Vichwa vya msimu uliotangulia vimekauka, wateja wanaanza kupigiwa simu. Bosi ameniachia ukaguzi wa mwisho, na kijana mpya wa kazi atanisaidia. Nimemwandikia utaratibu huu, aubandike juu ya meza.

Simama mbali kwanza. Jiulize: huyu anafanya nini, na ni mwezi gani? Ukikosa jibu, usisogee. Tafuta tatizo kutoka hapo.

Sogea kwenye macho. Yako sawa kwa urefu na kina? Mboni imelala sambamba na sakafu? Kope imegusa jicho la kioo pande zote bila mwanya?

Nenda masikio. Shina limegeuka pamoja na jani? Gonga kidogo, likilia ngoma, rudisha.

Pua na mdomo. Midomo imegusana bila pengo, tundu zina kina, unyevu uko kwenye pua tu na haujasambaa kwenye manyoya.

Kisha manyoya na mishono, kwa mkono, kwa mwelekeo wa manyoya halafu kinyume.

Pembe mwisho. Mteja ataanza nazo. Wewe usianze nazo.

Tuliipitia rafu nzima kwa utaratibu huo. Kimoja kimekwama. Ni kazi safi, na mteja wake alikuwa ameshaarifu kwamba anakuja Jumamosi. Lakini kope ya kushoto imejirudi ilipokauka, na jicho hilo limekuwa kubwa kuliko la kulia. Kijana alisema mteja hataona. Nikamwambia huenda asijue jina la kasoro, ila kila akiingia sebuleni atahisi kwamba mnyama wake hamtazami sawasawa, na hatajua kwa nini. Kulungu yule alikuwa hai, aliuawa, na deni letu kwake ni kumrudishia uso wake.

Bosi amekubali. Nimempigia mteja, nikamweleza ni jicho gani na linahitaji nini, ameridhika kungoja. Kesho asubuhi nitaweka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu ya kope mpaka ilainike, niishushe milimita mbili, niibane kwa pini ndogo, na kijana atakuwa pembeni akiwa na picha ya kulungu hai mkononi ili aniambie ikifika mahali pake.